Kinategemea Nini

Tartu, Januari, saa kumi,
na giza limeshaingia bila hodi.
Duka la mikate la Hilja halipokei oda.
Juzi lilipokea. Jana sikugusa kitu,
ila nilisasisha,
neno dogo, tamu kama ahadi ya mganga:
nikabonyeza, nikaenda kumwagia maua maji.

Leo skrini imevuja damu.
Mistari mia mbili na sita ya lawama.
Huyu anamtaka mwenzake wa toleo la kumi na saba,
mwenzake ameshahamia la kumi na tisa na harudi,
wa tatu anaapa hatakaa chumba kimoja na yeyote kati yao.
Ndugu wanaogombea nyumba ya marehemu,
na mimi hakimu sijui hata marehemu ni nani.

Nafuta ile folda nzito. Kila mtu huanzia hapo.
Dakika nne inapakua upya
vifurushi elfu moja mia mbili na kumi na vinne.
Mimi niliita tisa.
Tisa wakaja na wajomba zao, na wapambe,
na wabeba mizigo ya wapambe.
Mstari mwekundu ni uleule.

Hilja kwenye simu: "Liivika, chachu haingoji,
ndoo tatu zimefura tangu alfajiri,
nioke mingapi?"
Namwambia, nipe saa moja.
Katika kazi hii, saa moja haina dakika.

Raivo, meza ya dirishani, miaka ishirini na mitatu,
anasema bila kunitazama:
hicho unachojengea kimekufa.
Lini?
Agosti.
Nilijifunza hicho mwaka juzi, usiku, mtoto ana tetekuwanga,
mkono mmoja kwenye kibodi, mmoja kwenye paji lake,
kwa kuwa cha kabla yake kilikuwa kimekufa.
Nina arobaini na moja tu,
lakini vidole vyangu vinakumbuka amri
za mitambo sita iliyokwisha kuzikwa.

Basi nafanya lililobaki: nasoma.
Si kutoka juu, huko wanapiga kelele tu.
Nashuka. Kifurushi kinategemea kifurushi
kilichoegemea kifurushi,
ngazi kumi na mbili, kumi na tatu,
hadi chini kabisa, kwenye faili moja,
mistari kumi na mmoja
inayoweka siku mbele ya mwezi.
Kazi yake ni hiyo. Basi.

Mwenyewe ni Anselmo, wa Paysandú, Uruguai.
"Inafanya kazi hadi toleo la kumi na saba,"
aliandika, wakati kumi na nane halijazaliwa.
Na chini yake, miaka sita iliyopita:
"Naacha kuitunza. Mama anaumwa,
na duka la matairi halina mtu. Anayeweza, achukue."
Hakuna aliyechukua.
Wameendelea kuipakua, milioni tatu kwa wiki,
mabenki, mashirika ya ndege,
na mikate ya Hilja.

Umepata? anauliza Raivo.
Nimempata mtu, nasema.

Ile kumi na mmoja nimeinakili kwa mkono, herufi kwa herufi,
ingawa ningeweza kuibandika.
Jina lake nimeliweka juu.
Kifurushi nimekitoa kwenye orodha,
nikabonyeza, nikafumba macho kama mtoto chini ya sindano.

Makosa mawili. Koma yangu mwenyewe. Halafu sifuri.
Saa kumi na mbili na dakika sita:
mikate miwili myeusi, mmoja ukatwe,
ghorofa ya tatu, kengele haifanyi kazi, gonga.

Nikamwandikia Anselmo, kumuulizia mama.
Barua imerudi kabla sijavaa koti:
anwani hiyo haipo.

Mlangoni Raivo ananionyesha simu, macho yanang'aa.
Kimetoka kipya leo asubuhi. Chepesi. Kasi mara kumi.
Nafunga skafu, taratibu.
Kinategemea nini? namuuliza.
Anacheka. Hajatazama.